Mkanda wa Taimingi na Macho ya Mama

Gari letu lilinunuliwa ili mama aangalie. Nikisema hivyo watu husubiri niendelee, wakidhani nitasema aangalie biashara, au aangalie wagonjwa. Hapana. Aangalie tu. Akae kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, baba aendeshe taratibu, na yeye aangalie vitu vinavyopita mpaka atosheke.

Macho yake yalikuwa na presha. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa ule huanzia pembeni, unakula uoni polepole kuelekea katikati, na kwamba dawa ya matone ingechelewesha tu mambo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama aliuliza ataona mpaka lini. Daktari akasema huenda mwaka, huenda na zaidi kidogo, Mungu ndiye ajuaye. Wakati huo dada yangu mkubwa, aliyeolewa Boko, ndiyo kwanza alikuwa amepata mimba, baada ya kungoja kwa miaka mingi na kusemwa na kila mtu. Tulipotoka nje ya hospitali mama alisimama kivulini, akafunga upya mtandio wake, akasema, "Basi mie namuomba Mungu aniachie mpaka nimwone huyo mtoto sura yake. Nikishamwona, achukue."

Alisema kama mtu anayepatana bei na muuza samaki, bila machozi. Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

Baba alikuwa mtu wa bandarini. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye winchi, akizipaka grisi zile kamba za chuma zinazoinua mizigo kutoka melini, na alikuwa na sifa yake: kamba aliyoitunza yeye haikukatika. Kisha ikaja miaka ile tuliyoambiwa kwamba mashirika yana watu wengi kuliko kazi, wakapunguzwa, naye akiwamo. Alipopata kiinua mgongo chake mtaa mzima wa Temeke uligeuka kuwa washauri. Nunua mashine ya kusaga. Fungua duka. Weka friji, uza maji ya barafu. Baba aliwasikiliza wote, akaitikia "naam, naam," halafu asubuhi moja akatoka zake kwenda Kurasini na jioni akarudi na kijigari cheupe cha Kijapani, mtumba, kikinuka plastiki iliyokaa juani.

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, sikuzificha zamani na sizifichi leo. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo hukohuko Kurasini, kutwa nachapa karatasi za magari ya watu, na nilikwisha kusikia habari za mita zinazorudishwa nyuma na injini zinazopakwa rangi zionekane mpya. Nikamfuata baba uwani.

"Baba, gari la nini sie? Tutalila?"

"La mama yako kuangalia," akasema, na akaendelea kuosha tairi.

Nikarudi ndani nikamkuta mama ameketi kitandani, amekwisha kuvaa, anataka kutolewa.

Ndivyo zilivyoanza zile Jumapili. Sasa nikizikumbuka sizioni moja moja, naziona kama Jumapili moja ndefu isiyo na mwisho, yenye jua lililolala upande na vumbi la rangi ya unga wa mtama. Baba anaendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mimi nimekaa nyuma, nimeegemeza shavu kwenye kioo, nusu nimelala. Mbele yangu naona kisogo cha mama, na mtandio wake unapepea.

Mji ulikuwa umefunguliwa. Nilikulia kwenye nchi ya maduka yenye rafu tupu, ya foleni za sabuni, ya kuambiwa sukari imekuja ukatoka mbio na kandambili mkononi. Sasa kila kitu kilikuwa kimemwagwa barabarani, na chenye rangi. Buguruni nguo za mitumba zilirundikwa juu ya maturubai, watu wamezama humo mpaka viunoni. Magodoro yenye maua yalisimamishwa kando ya barabara. Madumu, masufuria, viatu vya mpira vya watoto, redio zinazoongea zote kwa pamoja. Mafundi wa mabango walikuwa juu ya ngazi wakiandika majina ya maduka ambayo kuta zake hazijakauka.

"Simama kidogo," mama alikuwa anasema. Baba anasimama. Mama anageuza kichwa chake chote, kwa kuwa macho peke yake hayakutosha tena, akikitafuta kile kitu mpaka kiingie katikati ya uoni wake. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alimwangalia mwanamke anayepima karanga kwa kikopo. Alimwangalia mzee aliyelala juu ya mkokoteni wake, kofia usoni. Hakuchagua vitu vya maana. Akishatosheka anasema, "Haya, twende," na sisi tunakwenda, na mimi kule nyuma nilijawa na furaha ya ajabu, furaha ya kutokuwa na safari.

Mara moja moja tulifika mpaka Boko kumwona dada. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Mama aliliwekea mkono, akaliambia, "Fanya haraka wewe."

Katika kipindi hicho ndipo neno jipya lilipoingia mtaani kwetu. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwalimu kutoka bara, alikuwa na gari lake, naye alikuwa mtu wa kulijali. Siku moja akiwa katikati ya makutano ya Buguruni, gari likazima. Halikukohoa, halikutoa moshi, halikulia. Lilinyamaza tu. Likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, na fundi alipolifungua akasema mkanda wa taimingi umekatika, na ulipokatika vyuma vya ndani ya injini vikagongana, valvu zimepinda zote. Gharama ya kutengeneza ilikuwa sawa na kununua injini nyingine. Mwalimu akaliweka gari juu ya matofali akingoja neema, na kuku wa mkewe wakahamia humo.

Tulikwenda kumpa pole, kama ilivyo desturi. Baba aliketi na mwalimu barazani, akamhoji. Mkanda gani? Uko wapi? Unafanya nini? Mwalimu akamweleza kwa vidole: ndani ya injini kuna shafti ya chini na kuna shafti ya juu, na mkanda mmoja wa mpira wenye meno ndio unaozifanya zizunguke kwa kuelewana. Ukikatika, kila moja inafuata akili yake.

"Na haukupi dalili?"

"Mzee wangu, haukupigii hodi."

Tuliporudi baba hakula vizuri. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hichohicho. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha. Hapakuwa na gari la pili. Mimba ya dada ilikuwa imefika mahali pa kuhesabiwa, na macho ya mama nayo yalikuwa yakijifunga. Kama gari lile lingenyamaza, mama angefikaje Boko? Angepanda mabasi mangapi, asukumwe na nani, na afike akiwa bado na macho? Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya nyumba yetu, na baba aliibeba peke yake.

Akaishughulikia kwa namna aliyoijua. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameinama mbele ya gari, amefungua boneti, amefungua na skrubu za kile kifuniko cha plastiki cha juu, na mkanda umeonekana, mweusi, umekaa kwenye gurudumu lake. Mkononi alikuwa na kopo la grisi. Aliupaka kwa kidole, taratibu, jino kwa jino, kama alivyopaka zile kamba bandarini. Akanieleza kwamba kitu chochote kinachozunguka kinakufa kwa ukavu. Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila Jumamosi. Mama alikaa kwenye kigoda karibu yake, akipasua nazi au akimenya vitunguu. Kopo la grisi lilikuwa jekundu. Kanga ya mama ilikuwa ya kijani. Sijui kwa nini nimezikumbuka rangi hizo na nimesahau maneno.

Miezi ikapita. Dada akavimba miguu. Kisha gari likaanza kuwa gumu kuwaka asubuhi, na likishawaka halina nguvu, linatetemeka kwenye vilima vidogo. Baba akaongeza grisi. Mwalimu ndiye aliyetuambia twende kwa fundi wake Kinondoni, na twende mapema, tusingoje kama alivyongoja yeye.

Fundi alikuwa jitu moja nene la kutoka Upare, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kujaza uwanja, na sifa zake alizitoa mwenyewe bila kuombwa. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba ya kulala wageni, chini pameloa oili mpaka udongo umekuwa laini kama mkeka. Tulikwenda wote watatu, mama hakukubali kubaki. Fundi akamwamkia baba shikamoo, akamwamkia mama, akamwekea mama kiti cha gari kilichong'olewa mahali fulani, akamwambia hicho ndicho kiti cha wageni wa heshima.

Akafungua kifuniko. Akatazama. Akaingiza kidole, akakitoa kimejaa grisi, akakinusa.

"Nani kafanya haya?"

"Mie," baba akasema. "Usikauke."

Fundi akacheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya kwaya, akawaita mafundi wa banda la pili waje waone, wakaja, wakachungulia na kupiga makofi ya mshangao. "Mzee kaupaka mkanda grisi! Mzee, mkanda wa mpira huupaki mafuta! Mafuta ndiyo sumu yake. Umelainika huu, umevimba, meno yanabanduka, tazama! Umesharuka jino moja, ndiyo maana gari halivuti. Ungeenda nao wiki nyingine hii ungelia." Na akaendelea kuwaeleza wasikilizaji wake wapya jinsi watu wanavyoziua gari zao kwa mapenzi.

Nikamwakia. Nilimwambia kama anatengeneza kwa mdomo atuambie, tutafute fundi mwingine anayetengeneza kwa mikono. Nilimwambia baba yangu alikuwa anainua matani melini wakati yeye ananyonya. Mama akanivuta kanga, "Mwache, mwanangu." Fundi alishangaa, akafuta mikono, akasema, "Dada samahani, mie ndivyo nilivyo," na kwa kweli ndivyo alivyokuwa, hakuwa na ubaya. Lakini baba alikwisha kuondoka. Alivuka mtaro akaenda kusimama kando ya barabara, ametupa mgongo, anaangalia magari yanayopita, na bado ameshika kitambaa chake cha kufutia mikono.

Kumwona baba amesimama vile kuliniuma kuliko kicheko. Alikuwa amezipaka grisi kamba zote za bandari ile na hakuna hata moja iliyomsaliti. Kilichomshinda ni hiki kimoja, alichokipaka kwa ajili ya mkewe.

Basi nikakaa mimi na fundi kupanga. Alikuwa na maelezo mazuri akishapunguza sauti. Aliniambia gari la mtumba ukishalinunua usiamini mita, badilisha mkanda mara moja, uanze kuhesabu upya wewe mwenyewe, kilomita laki moja au pungufu yake, kwa vumbi na joto la kwetu afadhali pungufu. Ile karatasi ya Kijapani iliyogandishwa mlangoni pengine inasema ulibadilishwa lini, lakini nani wa kuisoma? Oili ikivuja upande wa mkanda, usisubiri. Ukiona mpira umepasuka mistari midogo au unang'aa, usisubiri. Nikamwambia tuna hela ndogo, aseme ukweli wapi pa kubana na wapi si pa kubana. Akanyanyua vidole vyake vinene. Mkanda usinunue mtumba hata ukipewa bure. Beringi ya kuukazia nayo nunua mpya, na sili za kuzuia oili isivuje, maana ni vitu vidogo na tumekwisha kufungua. Ukiviacha leo utalipa ufundi mara ya pili kesho. Pa kubana ni kwenye ufundi. "Hapo bana mie," akasema. "Nimemcheka mzee, nitakupunguzia."

Akautoa ule mkanda. Akalirudisha gurudumu la juu mahali pake, lile jino moja, kisha akauliza kama nina rangi ya kucha, maana ya kwake ilikuwa imekauka. Nikaitoa kwenye pochi, nyekundu, mpya, niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya mwenzangu wa ofisini. Akatia doa kwenye gurudumu la juu na doa kwenye chuma kilichosimama mbele yake, kisha vivyo hivyo kwenye gurudumu la chini. Madoa hayo, akasema, ndiyo yatakayotuambia kama tumefunga sawa. Nikampa na onyo kwamba chupa inarudi.

Nilikwenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea na mkanda wa zamani kwenye mfuko wa nailoni, kama alivyoniagiza. Muuzaji wa kwanza alinipa mpya unaong'aa kwa bei ya kurusha roho. Nikaulaza juu ya ule wa zamani, jino kwa jino, ukazidi. Wa pili ukalingana urefu lakini meno yake yalikuwa ya mraba na yetu ya mviringo. Duka la tatu nilipata wenyewe, na mzee wa Kihindi aliyeniuzia aliunusa mfuko wangu akauliza grisi hii ya nini. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia.

Niliporudi Kinondoni jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa banda. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake cha heshima, ametulia, uso ameuelekeza kule barabarani alikokuwa baba. Baba alikuwa bado amesimama. Nilidhani mama anamtazama.

Fundi alifunga mkanda mpya akiimba chinichini. Baada ya kukaza alichukua spana ndefu akaiweka kwenye gurudumu la chini. Akaeleza, kwa kuwa hawezi kufanya kazi bila kueleza, kwamba hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoua injini: wanafunga na kuwasha. Yeye huizungusha kwanza kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, akisikiliza. Mkono ukikutana na kitu kigumu anaacha, hakuna kilichoharibika. Na madoa yakirudi kukutana, basi. Tena yeye ana sharti: mwenye gari lazima aje ashuhudie kwa macho yake yanavyokutana, kesho asije akasema alifungiwa vibaya.

"Mzee!" akaita. "Njoo ushuhudie!"

Baba hakugeuka. Sijui kama hakusikia au hakutaka kurudi mahali alipochekwa.

"Nakuja mie," mama akasema. "Gari ni langu."

Akainuka, akapapasa kidogo mpaka mkono wake ukapata mdomo wa gari, akasogea akiufuata. Akainama juu ya injini pale fundi alipokuwa. Fundi alikuwa anaisukuma spana taratibu, shingo imemsimama mishipa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili nikiyaangalia madoa yangu mekundu. Lile la kwenye chuma lilikuwa juu, limetulia. Lile la kwenye gurudumu lilikuwa mbali, limelala upande wa betri, halijafika hata nusu ya njia.

"Naona," mama akasema. "Yamekutana. Mashaallah."

Fundi akaacha kusukuma. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Mama alikuwa ameinama vilevile, anatabasamu, uso wake uko karibu sana na injini, na macho yake yamefunguka wazi yakiangalia mahali pasipo na kitu.

Mambo yakaanza kuja yenyewe, moja likilivuta jingine. Mchele aliokuwa akiniachia mimi nichambue. Sindano aliyosema imepotea. Jinsi alivyosema siku hizi "simama kidogo" mara nyingi palepale, mahali tulipokwisha kusimama zamani. Jinsi alivyosifia gauni langu kwa kulishika. Ndani ya nyumba aliyoifagia miaka yote hakuhitaji macho, nasi tulimwona anatembea na tukadhani anaona. Sikujua ni tangu lini. Dada alikuwa amebakiza wiki chache.

Yule fundi, mwenye mdomo ule, akairudia spana yake, akaisukuma, na doa likapanda polepole, likapanda, mpaka likaja kusimama mbele ya lile jingine. Ndipo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kweli mama. Yamekutana."

Gari likawaka kwa mara ya kwanza tu. Sauti yake ilikuwa laini, hata baba kule barabarani aligeuka. Alikuja, akasikiliza, akamshukuru fundi kwa heshima zote, na fundi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Chupa yangu ya rangi sikumdai.

Njiani kurudi nilitaka kusema, nilitaka kupiga kelele, lakini nilimwona mama amegeuzia uso wake kwenye kioo kilichoshushwa, kama kila siku, na upepo unampiga, na nikaelewa kwamba alikuwa ameamua. Gari lile baba alilinunua kwa jasho la maisha yake yote ili yeye aone. Mama hakutaka baba ajue kwamba macho hayakumngoja mtoto.

Simu ilinikuta ofisini Kurasini. Alikuwa shemeji, anapiga kelele kana kwamba waya hautoshi: mtoto wa kike, salama, wote wazima. Niliomba ruhusa nikakimbia nyumbani. Baba alikwisha kupata habari kwa vishindo vya miguu yangu kabla sijafungua mdomo. Tukatoka.

Safari ile ya Boko nimeiota mara nyingi, na kila ninapoiota ni ndefu kuliko ilivyokuwa. Barabara imepauka, anga nyeupe, malori ya mizigo yanatupita yakituachia vumbi, nalo gari letu dogo linavuta vizuri, linapanda vilima bila kutetemeka. Nilikuwa kiti cha nyuma nimeshika beseni la uzazi, lenye kanga, sabuni na mafuta ya nazi. Na huko mbele baba alikuwa anaongea.

"Hapa Buguruni leo wamejaa," alikuwa anasema. "Yule wa magodoro kaleta mengine, ya bluu. Kuna mama kabeba ndizi, mkungu mzima, anavuka." Kisha, "Hapa wamepaka ukuta rangi ya waridi, duka jipya. Bango halijaisha." Tukapita Mwenge, tukaingia barabara ya Bagamoyo. "Minazi hii ya kushoto wamekata miwili. Kuna vijana wanapakia kokoto." Na mama anaitikia, "Eeh. Naona. Eeh."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikajiuliza ni lini ameanza kusema hivi. Nikakumbuka Jumapili iliyopita alisema, na ile kabla yake. Mimi nilikuwa nikisinzia kwa sauti ile nikidhani ni uzee. Nilikaa wima. Niliangalia kwenye kioo cha kati nikayaona macho yake, yanakwenda barabarani, yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, hayapumziki, yanaokota kila kitu kwa ajili ya mama.

Chumba cha dada kilikuwa na harufu ya udi na maji ya moto. Wanawake walitupisha. Dada alikuwa kitandani, amechoka, anang'aa, hajui lolote. Akamwinua mtoto, akasema, "Mama, huyu hapa. Mtazame."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, nikamwekea mtoto mapajani. Akamwinamia. Akaanza kumpitishia vidole, si kwa kupapasa, kwa kubembeleza kama bibi yeyote: paji la uso, nyusi, pua, mdomo, masikio yote mawili, kidevu. Hakuharakisha. Wanawake wakacheka kwa furaha, mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeuma kanga.

Baba alibaki mlangoni, maana chumba cha mzazi si cha wanaume. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

"Umemwona?" akauliza.

"Nimemwona," mama akasema.

"Hebu niambie alivyo."

Mama akamweleza. Akasema ana paji pana, na nywele zimeshuka mpaka karibu na nyusi. Pua ndogo, imelala kidogo upande wa kulia. Sikio la kushoto limekunjika juu, litanyooka. Mdomo wa chini mnene, wa kununa. Kidevu kina kishimo, weka kidole utakipata. Alikuwa anasema polepole, na kila alilosema lilikuwa kweli.

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amefumba macho.